Malipo ya Nguzo

Msomaji, mbele ya nyumba yangu pana nguzo ya umeme. Ni mti mrefu uliotiwa dawa nyeusi ya kuzuia mchwa, una kibati chenye nambari kilichopigiliwa misumari, na kunguru hupenda kutua juu yake kuliko katika mnazi wa jirani. Kwa muda wa miaka mingi nilipita chini yake asubuhi na jioni bila ya kuutazama. Siku hizi siwezi kuupita bila ya kujiuliza swali moja: nani anailipia nguzo hii? Swali hili limenitia katika ugomvi na walimu wenzangu, limenipeleka kuomba radhi kwa kijana wa duka, na limenirudisha kwenye daftari la marehemu baba yangu. Nakuomba unisikilize, kwa maana haitapita miaka mingi nawe utakuwa na nyumba yako, mita yako na paa lako.

Habari inaanza kwa mama yangu. Yeye anakaa kijijini, upande wa Kwale, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Mwaka 2015 Serikali ilianzisha mpango wa kuwaunganishia umeme watu wanaokaa karibu na transfoma, na ada ya kuunganishwa, iliyokuwa shilingi 35,000, ikashushwa hadi shilingi 15,000, tena mtu aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Mimi ndimi niliyemshawishi mama akubali. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu si zamani, na niliona haya kusimama darasani kuwaeleza watoto wa watu faida za umeme, hali mama yangu mzazi anachagua mchele kwa mwanga wa koroboi.

Mama akaupokea umeme kama apokewavyo mgeni mkubwa, kwa heshima na kwa hofu kidogo. Alikuwa na taa mbili na simu moja. Redio yake aliendelea kuitilia mawe, kwa kuwa hakuona sababu ya kukipa kitu kilichokuwa kizima chakula kipya. Mwaka 2017 alikwenda Mombasa kumuuguza dada yangu aliyejifungua, akakaa huko miezi miwili. Aliporudi alikuta nyumba i giza. Akatoa shilingi 500 alizopata kwa kuuza makuti, akampa kijana wa duka amnunulie tokeni kwa simu. Kijana akamletea tarakimu zake 20 zimeandikwa katika kipande cha karatasi, mama akazitia katika mita, na mita ikamwonyesha uniti chache mno, kiasi ambacho kabla ya safari alikuwa akikipata kwa fedha ndogo sana.

Mama hakusoma shule, lakini hesabu ya fedha yake anaijua. Akatoka kwenda dukani, na mbele ya watu waliokuja kununua unga akamwita kijana yule mwizi.

Mimi nilipata habari baada ya wiki mbili. Nilikwenda nyumbani, nikauomba ule ujumbe wa simu nikausoma mstari kwa mstari. Wizi haukuwamo. Mlikuwamo mstari wa malipo ya kudumu: shilingi 150 kwa kila mwezi, kwa miezi mitatu, jumla shilingi 450. Zile 50 zilizosalia zilikatwa kodi na tozo nyingine, na kilichobaki ndicho kilichonunua umeme. Malipo ya kudumu, msomaji, ni fedha aliyotozwa mwenye mita kila mwezi, awashe taa asiwashe, awepo asiwepo.

“Yaani nimelipia stima ya siku ambazo sikuwapo?” mama akaniuliza.

“Ndiyo, mama.”

“Kwani duka humwuzia sukari mtu aliye safarini?”

Sikuwa na jibu. Tulifuatana hadi dukani, mimi nikasema maneno mengi ya kiungwana, na mama akasimama nyuma yangu ameshika ncha ya leso yake, akasema, “Mwanangu, niwie radhi.” Kijana alicheka kwa adabu akasema yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, maana kwa wiki mbili watu walikuwa wakimpitia mbali. Mama naye aliporudi nyumbani alizima taa zote mbili, akaitoa koroboi chini ya kitanda, akaifuta vumbi, na akaishi nayo kwa muda uliokaribia mwaka mzima. Fedha ya kuunganishwa nilikuwa bado naimalizia kulipa.

Lau ningalikumbuka siku ile mambo ya pampu ya kijiji chetu, ningalikuwa na la kumjibu mama. Niliyakumbuka baadaye sana.

Nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi kijiji chetu kilikuwa na kisima kimoja kilichochimbwa kwa mashine, chenye pampu ya mkono. Baba yangu ndiye aliyekuwa mtunza hazina wake. Kila nyumba ilitoa shilingi 20 kwa mwezi, na fedha hiyo iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo mipira ya pampu italika au fimbo yake itakatika. Utaratibu ulikwenda vizuri hadi aliposimama bibi mmoja mjane katika baraza akasema, “Mimi nachota ndoo moja kwa siku. Mwenye ng'ombe achota ndoo ishirini. Kisha sote twatoa shilingi 20. Je, hiyo ni haki?” Watu wote waliona kuwa si haki. Tangu siku ile kila mtu akawa analipa kwa ndoo, na bibi yule akafurahi, na baba akafurahi kwa ajili yake.

Basi wenye ng'ombe, ambao sasa walilipa nyingi, wakafanya hesabu zao. Mmoja akachimba kisima uani kwake, wa pili akamfuata, na mwaka ulipokwisha walikuwa saba. Siwalaumu, mtu mwenye nguvu za kuchimba ana haki ya kuchimba. Lakini ndoo zao zilipoondoka, ziliondoka na shilingi zao, na mipira ya pampu ililika vile vile, kwa sababu pampu haikuambiwa kwamba wenye mali wamehama. Baraza ikapandisha bei ya ndoo. Wawili zaidi wakachimba. Fimbo ilipokatika katikati ya kiangazi, sanduku la baba lilikuwa na fedha isiyotosha hata kumlipia fundi nauli. Wanawake wakarudia njia ya mtoni. Na jambo ambalo sitalisahau ni kwamba visima vile vya uani havikuwa virefu. Navyo vilikauka, na wenyewe wakaonekana katika njia ile ile ya mtoni, na ndoo kichwani kama watu wengine.

Umeme una gharama mbili kama maji yale. Iko gharama ya umeme wenyewe, ambayo hupanda na kushuka kwa kadiri tunavyotumia. Na iko gharama ya njia yake, yaani nguzo, waya, transfoma, mafundi wanaopanda usiku wa mvua, na mitambo ambayo wenyewe hulipwa kwa kukaa tayari hata isipozalisha. Gharama hii ya pili haipungui mama akizima taa. Malipo ya kudumu yalikuwa njia ya kuidai waziwazi. Ubaya wake ni ule alioutaja bibi mjane: nyumba ya taa mbili ilidaiwa shilingi 150 sawa na nyumba ya vyumba kumi.

Mwaka 2018, mwezi wa Agosti, shilingi 150 zile zikafutwa. Nchi nzima ilishangilia, nami nilimpigia simu mama usiku ule ule. Ila mimi ni mwalimu wa hesabu, na furaha yangu haikudumu hadi asubuhi. Chukua kalamu tuhesabu pamoja, tukiacha kodi na tozo nyingine. Kabla ya Agosti, uniti 50 za kwanza ziliuzwa shilingi 2.50 kila moja. Mama aliyetumia uniti 8 alilipa shilingi 20 za umeme na 150 za kudumu, jumla 170. Baada ya Agosti, mtu asiyezidi uniti 10 alilipa shilingi 12 kwa uniti. Mama akawa analipa 96. Amepata nafuu. Sasa nitazame mimi, niliyekuwa nikitumia uniti 40 katika nyumba yangu ya kupanga. Zamani nililipa 100 na 150, jumla 250. Baada ya Agosti uniti moja ilinigharimu shilingi 15.80, na jumla yangu ikawa 632. Malipo ya nguzo hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamevaa nguo nyingine na kuingia ndani ya bei ya uniti. Watu wa kadiri yangu walipiga kelele, na Novemba mwaka ule ule ngazi ya wanyonge ikapanuliwa hadi uniti 100, kwa shilingi 10 kila moja. Nikashuka hadi 400, na mama hadi 80.

Hapo ndipo mama alipowasha taa zake tena. Nami ndipo nilipoanza kulitazama paa.

Sitaki kukuficha furaha niliyoipata kwa jua, maana kuna waandishi wanaozungumza juu ya mambo haya kwa uso wa matanga. Mwaka 2020 sheria iliviondolea vyombo vya jua msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani, nami nikangoja. Mwaka 2021 msamaha ukarudishwa, nikachukua mkopo katika chama chetu cha akiba cha walimu. Nilinunua paneli nne, betri moja na inveta, na fundi akavifunga kwa siku mbili. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje na kikombe cha chai nikasimama kuitazama ile mibao ya buluu inavyometameta juu ya bati, nikaona kana kwamba mbingu imeniandikia barua mimi peke yangu. Jua ambalo lilikuwa likinichoma bure tangu utotoni sasa lilikuwa likinichemshia maji. Mke wangu alipiga nguo zote za nyumba pasi siku ile, hata zile zisizovaliwa. Nguvu nilizozinunua katika waya zikashuka kutoka uniti 90 kwa mwezi hadi chini ya 30.

Wala faida haikuwa yangu tu. Mwaka 2000 mvua zilipokosekana, mabwawa ya Mto Tana yalipungua na nchi ikatiwa katika mgao wa umeme. Nakumbuka jinsi mashine ya kusaga ya sokoni ilivyokaa kimya siku nzima. Katika ukame wa namna ile jua halipungui, bali huzidi. Kila paa linalojitosheleza mchana huacha umeme kwa wengine. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema kuwa mwenye paneli ni mtoro. Nchi yenye jua kama letu ikimwachia mwananchi kodi ili anunue paneli, imefanya jambo la akili.

Lakini mwezi wa Aprili 2023 ngazi za bei zilipangwa upya, na ngazi ya chini kabisa, yenye bei nyepesi iliyokusudiwa kwa ajili ya maskini, ikawa ya watu wasiozidi uniti 30. Niliposoma hayo nilicheka, kisha nikanyamaza. Mita haioni paa. Mita huona uniti tu. Mimi mwenye mshahara, friji na paneli nne, niliingia katika ngazi moja na mama yangu mwenye taa mbili. Ile fedha ya nguzo, iliyojificha ndani ya bei ya uniti, mimi nilikuwa nimeikwepa kwa kununua uniti chache. Na katika ngazi ile uniti hizo chache niliuziwa kwa bei ya huruma. Na nguzo ilikuwa bado imesimama mlangoni pangu, inaningoja kila usiku betri inapokwisha.

Mwaka 2024 zikatoka kanuni ambazo sheria ya nishati ya mwaka 2019 ilizitazamia, za kumwezesha mtu kupeleka katika waya umeme unaozidi paani kwake, na kuhesabiwa deni. Katika chumba cha walimu tulizisoma pamoja, na tulipofika mahali pa kiasi, kelele ziliinuka: kwa kila uniti mbili unazopeleka, unahesabiwa moja. Mwalimu mwenzangu wa jiografia akasema, “Nikukopeshe kibaba cha mchele, unirudishie nusu kibaba, kisha uniite mshirika!” Wote tukacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa nami nilijiona nimeporwa.

Usiku ule sikupata usingizi mapema, nikalifikiri jambo upande wa pili. Paneli zangu hutoa nyingi saa sita mchana, wakati ambapo mimi niko darasani. Nchi huhitaji umeme zaidi kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wanaporudi nyumbani wakawasha kila kitu. Ninapopeleka uniti mchana nikaidai usiku, sikubadilishana kitu kwa kitu kilicho sawa. Nimeufanya waya kuwa ghala langu. Mtu anayeweka mahindi katika ghala la mwenzake huacha pishi moja au mbili kwa ajili ya ulinzi. Naona nusu ni nyingi, na ningaliridhika na robo. Lakini mtu asiyetaka kuacha hata punje moja, huyo simwelewi tena.

Ugomvi huu si wetu peke yetu. Katika jimbo la California, huko Marekani, ambako mapaa yenye paneli ni mengi sana, wenye paneli walihesabiwa kwa miaka mingi uniti kwa uniti. Kwa wale walioomba kuunganishwa baada ya katikati ya Aprili 2023, thamani ya umeme wanaoupeleka ilipunguzwa kwa takriban robo tatu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, wasimamizi wa bei wakaidhinisha malipo ya kudumu ya dola 24.15 kwa mwezi, pamoja na kupunguza bei ya uniti. Na watu wa kipato kidogo wakapangiwa dola 6 au 12. Wenye paneli walilalamika kwamba wamevutwa kwa asali kisha wakapigwa kwa mzinga. Wengine wakajibu kwamba asali ile ilinunuliwa kwa fedha ya wapangaji, watu wasio na paa. Nakiri kwamba kila upande ulisema kweli kiasi chake. Lile la kutoza kwa madaraja, mnyonge kidogo na mwenye nguvu zaidi, ndilo lililonivutia.

Maoni yangu ndiyo haya, nawe uyapime. Malipo ya kudumu yasirudi kama yalivyokuwa, shilingi 150 kwa kila mtu, kwa sababu yalimzimia mama yangu taa. Lakini nyumba kama yangu, yenye paneli juu na waya chini, ingepaswa kulipa kitu kila mwezi kwa ajili ya nguzo, kitu kilichoandikwa wazi katika bili ili nikione na nikibishie ikilazimu. Na msamaha wa kodi uendelee, na nusu ile iongezwe. Walimu wenzangu wanasema mtu anayeomba kutozwa apelekwe kupimwa akili. Mwalimu wa jiografia ana hoja nzito kuliko hiyo: anasema malipo yakishaingizwa kwa jina la matajiri, baada ya miaka miwili yatawashukia wote. Hilo sina la kulijibu, na linanitia hofu.

Mwaka jana mama alikuja kwangu kumtazama mjukuu wake. Jioni tulikaa sebuleni, na ilipopata saa tatu betri ikaisha. Inveta ikalia mlio mdogo, taa zikapepesa mara moja, zikaendelea kuwaka.

“Ni nini hicho?” mama akauliza.

Nikamweleza kwamba jua letu limekwisha na sasa tunatumia umeme wa waya. Akauliza nilipe kiasi gani kwa mwezi. Nikamwambia yapata mia tano na hamsini.

“Nami nalipa mia mbili,” akasema, akageuka kuitazama friji, na pasi, na ile televisheni kubwa. Halafu akaniuliza kama bado ninalo lile daftari la baba.

Ninalo. Nilikwenda chumbani nikalitoa. Mama hajui kusoma, akaniomba nimsomee ukurasa wa mwisho, ambao nilikuwa sijaufungua kwa miaka mingi. Kwa mwandiko wa baba, ulioinamia upande mmoja, yameandikwa majina tisa ya watu waliochimba visima uani, na tarehe ambayo kila mmoja aliacha kutoa fedha ya pampu. Mbele ya majina saba ipo tarehe ya pili. Nilimwuliza mama maana yake.

“Hizo ni siku walizorudi kuja kuuliza kama pampu imetengenezwa,” akasema.

Aliniachia daftari mkononi akaenda kulala. Nilikaa kidogo nikisikiliza friji inavyonguruma jikoni, kisha nikatoka nikazima taa ya barazani, ambayo ilikuwa inawaka bure.